Machi yenye joto la Juni: jinsi Michigan ilivyopoteza cheri zake mwaka 2012

Majira ya baridi ya mwaka 2011 kuingia 2012 yalipita Michigan, kaskazini mwa Marekani, bila makali yake. Theluji ilikuwa haba, Maziwa Makuu ya huko hayakuganda ipasavyo, na gharama za kupasha nyumba joto zikapungua. Kwa mtu wa mjini ulikuwa mwaka wa nafuu. Ilipofika Julai, kaunti 72 kati ya 83 za jimbo hilo zilikuwa zimeingizwa na serikali kuu katika orodha ya maeneo ya janga, kwa sababu ya joto lililowahi mno na sakitu, yaani baridi za usiku za kugandisha, zilizofuata.

Zao lililoumia kuliko yote lilikuwa cheri kali, zile ambazo watu hawazili mbichi kwa wingi. Nyingi huenda kiwandani zikawa za kujaza pai, jemu, juisi, au hukaushwa. Michigan kwa kawaida ndiyo hutoa takriban robo tatu ya cheri kali za Marekani nzima. Mwaka 2011 ilivuna zaidi ya kilo milioni 71. Mwaka 2012 ikapata kilo milioni 5 na ushee. Matufaha nayo, ambayo mwaka wa kawaida hupita busheli milioni 20 (busheli ni kipimo cha Marekani cha mazao), yaliishia kwenye milioni 2.7 hivi.

Maelezo yaliyosambaa wakati ule yalikuwa mafupi: sakitu ya Aprili iliua maua. Ni kweli iliyaua. Lakini ukiishia hapo, umelitazama pigo la mwisho ukaliacha la kwanza. Aprili ya mwaka ule haikuwa na baridi ya ajabu kwa Michigan. Usiku wa kuganda mwezi huo ni jambo wanalolijua tangu enzi za mababu zao, na katika mwaka wa kawaida unapita bila kumdhuru mtu. Kilichogeuka ni hali ambayo baridi hiyo iliikuta miti. Hoja yangu katika uchambuzi huu ni kwamba hasara ya 2012 ilitengenezwa na joto, siku ambazo watu walikuwa nje wakifurahia jua.

Kwanza tuitazame sehemu yenyewe. Kitovu cha cheri ni karibu na mji wa Traverse City, kwenye rasi za Leelanau na Old Mission zinazoingia majini upande wa Ziwa Michigan. Maji mengi kiasi kile hukawia kupata joto na hukawia kupoa. Baridi inapoelekea kwisha, upepo unaovuka ziwa hufika shambani ukiwa bado baridi, na miti huchelewa kuamka. Nchi kavu ya mbali na ziwa inaweza kuwa imeshachangamka, huku cheri za Leelanau zikiwa bado zimejifunga. Kuchelewa huko ndiyo ngao yenyewe, kwani maua hufunguka Mei, hatari ya sakitu ikiwa imepungua sana. Watu walipanda cheri pale kwa sababu ziwa huishikilia miti isiwahi.

Sasa mti wenyewe. Cheri, tufaha, pichi na plamu hulala wakati wa baridi, na usingizi wao una hatua mbili. Katika hatua ya kwanza mti hauamki hata ukipelekewa joto, mpaka uwe umekusanya saa za kutosha za baridi, zile za kati ya nyuzi 0 na 7 hivi za selsiasi. Montmorency, aina ya cheri kali inayotawala mashamba ya Michigan, huhitaji saa zinazokaribia 1,000. Saa hizo zikishatimia, hatua ya pili inaanza: mti uko tayari kuamka, na kinachouzuia ni hali ya hewa tu. Hapo unakuwa sawa na mtu aliyekwisha kushiba usingizi, kelele yoyote inamwinua kitandani. Kuanzia hapo kila siku ya joto inahesabiwa, na mti hauna namna ya kurudi nyuma.

Wanaolima matunda haya kwetu wanakijua kipande cha kwanza cha habari hii. Plamu, pichi na pea za Lushoto, na matufaha ya Njombe, yanategemea ubaridi wa milimani, na aina za matufaha kama Anna na Dorsett Golden zinafaa Afrika Mashariki kwa sababu zinaridhika na saa chache za baridi. Katika nchi za joto wapo wakulima wanaopukutisha majani kwa mkono ili mti uchanue. Tatizo la kwetu ni baridi isiyotosha. Michigan mwaka 2012 haikupungukiwa na hiyo. Pamoja na upole wake, majira yale yalitoa saa za kutosha, na kabla ya Machi miti ilikuwa imeshavuka hatua ya kwanza. Ilibaki kungoja joto.

Likaja. Kuanzia katikati ya Machi mkondo wa upepo wa juu angani ulijipinda kuelekea kaskazini na kutulia hapo, ukavuta hewa ya Ghuba ya Meksiko hadi mpaka wa Kanada. Chicago, ng'ambo ya ziwa, ilivunja rekodi ya joto ya tarehe husika siku tisa mfululizo. Pellston, mji mdogo wa kaskazini mwa Michigan unaosifika kwa ubaridi, ulifika nyuzi 29 tarehe 22 Machi, wakati rekodi ya awali ya tarehe hiyo ilikuwa kama nyuzi 12. Rekodi za namna hii kwa kawaida hupitwa kwa nyuzi moja au mbili. Hii ilipitwa kwa nyuzi 17. Kote Marekani rekodi zaidi ya 15,000 za siku zilivunjwa mwezi ule, na karibu nusu yake zilikuwa za usiku. Hizo za usiku ndizo ningependa zikumbukwe zaidi. Mti unaopata joto mchana ukapoa usiku huenda kwa kusitasita, ila joto likilala nao hadi alfajiri, haupumziki. Ardhi nayo haikuwa na theluji ya kurudisha miale ya jua, ikawa inalinywa joto lote.

Machi ikaisha ikiwa Machi yenye joto kuliko zote zilizowahi kurekodiwa Marekani bara hadi wakati huo. Mashambani miti ilikuwa mbele kwa wiki nne hadi tano. Ziwa halikuweza kuizuia: hewa ilitoka kusini ikiwa moto, ilikuja kwa wingi, na ilikaa siku nyingi.

Hapa inafaa kueleza kwa nini wiki tano ni nyingi namna ile. Tumba la cheri lililolala katikati ya Januari linastahimili baridi inayozidi nyuzi 20 chini ya kuganda. Likianza kuvimba, ustahimilivu unashuka. Likipasuka ncha ikawa kijani, unashuka tena. Ua linapofunguka, nusu saa ya nyuzi 2 na ushee chini ya kuganda inatosha kuua ua moja katika kumi, na ikifika nyuzi 4 hivi hufa tisa katika kumi. Tofauti ya kupoteza kidogo na kupoteza karibu yote ni kama nyuzi 2 tu, na mkulima analiona hilo kwenye kipimajoto saa kumi za usiku akiwa amesimama katikati ya shamba lake.

Aprili ikarudi katika hali yake. Usiku wa kuganda ulikuja, ukapita, ukaja tena, kwa wiki kadhaa. Kila mara yalikufa maua yaliyofunguka, yakabaki matumba yaliyochelewa, kisha usiku mwingine ukayafuata hayo. Kwa matufaha, usiku wa siku za mwisho wa mwezi huo ndio uliomaliza kazi.

Namna wakulima wanavyopima madhara ni ya kutazama kwa karibu. Asubuhi baada ya sakitu mkulima hatembei shambani mara moja, kwa sababu tumba lililokufa sasa hivi linafanana kabisa na lililo hai. Anasubiri lipate joto saa chache. Halafu anachukua wembe, anakata tumba kwa ubapa, na kutazama katikati. Tumba moja la cheri hubeba maua mawili hadi manne, kwa hiyo ndani huonekana vidoa kadhaa vidogo kama vichwa vya pini. Kidoa cha kijani ni ua litakalozaa. Kikiwa cha kahawia au cheusi, hakuna kitu hapo, hata kama petali zitafunguka nyeupe na kupendeza. Anakata mia moja kutoka matawi ya chini, mia nyingine kutoka ya juu, anahesabu, anaandika. Ndiyo maana katika mwaka mbaya shamba linaweza kuchanua vizuri, wageni wakaja kupiga picha, ilhali mwenye shamba ana namba mfukoni inayomwambia kwamba hatavuna.

Je, hawakuwa na la kufanya? Wengine walikuwa nalo. Yapo mapangaboi makubwa yanayosimamishwa shambani juu ya mlingoti. Usiku mtulivu usio na mawingu, hewa baridi hutuama chini na ile yenye joto kidogo hukaa juu kwa kimo cha minazi. Pangaboi huishusha hiyo ya juu na kuokoa nyuzi moja au mbili. Ila baadhi ya baridi za Aprili ile zilikuja na upepo. Hewa ikishachanganyika, juu na chini ni kulekule, pangaboi linazungusha baridi tu. Wengine hunyunyizia maji yakagandia juu ya maua, kwa kuwa maji yanapoganda hutoa joto. Lakini kazi hiyo haikatizwi mpaka asubuhi, inataka maji mengi, na barafu inavunja matawi. Zana hizi zilitengenezwa kwa usiku mmoja au mitatu ya hatari. Hakuna aliyejipanga kwa Aprili nzima.

Hata maua yaliyonusurika hayakuwa na bahati. Nyuki hawaruki vizuri siku za baridi, na cheri kali, ingawa mti huweza kujichavusha, bado inamtaka nyuki abebe chavua.

Hasara ikashuka kwa watu. Cheri kali huvunwa kwa mashine inayokamata shina, kulitikisa sekunde chache na kupokea matunda kwenye turubai. Mwaka 2012 mashamba mengi hayakuona sababu hata ya kuitoa mashine bandani, maana mafuta yangegharimu kuliko mavuno. Matufaha huchumwa kwa mkono, na wachumaji wengi ni vibarua wanaohama na misimu, familia nzima kutoka Texas, Florida na Meksiko. Mkulima mwenye ardhi anaweza kukopeshwa. Kibarua aliyekuta miti mitupu hakupewa jina katika hesabu yoyote ya hasara niliyowahi kuiona, na hilo linaniuma kuliko takwimu za kilo.

Mikopo yenyewe ilikuja: jimbo lilipitisha mwaka uleule mpango wa mikopo ya riba nafuu kwa wakulima na wasindikaji. Ilisaidia wengi kuvuka. Lakini mkopo unalipwa kwa mavuno yajayo, na anayekopa baada ya mwaka kama ule anaweka rehani misimu ambayo hajaiona. Bima ingefaa zaidi. Wakulima wa matufaha walikuwa na bima ya mazao kutoka mpango wa serikali kuu. Wa cheri kali hawakuwa na ya kwao, na ya majaribio ilianza 2014.

Soko nalo halisubiri. Viwanda vilivyohitaji cheri viliagiza kutoka Poland, na wengine waliokuwa wakitengeneza bidhaa za cheri wakageukia matunda mengine. Mwaka 2013 miti ilizaa tena kwa wingi. Matufaha yalifika kama busheli milioni 30, kiasi ambacho jimbo lilikuwa halijawahi kukivuna. Ukitazama mti peke yake utasema mambo yalitengemaa. Mteja aliyeondoka hana kawaida ya kurudi kwa sababu mti umechanua. Mwaka 2019 wasindikaji wa Michigan walikuwa mbele ya serikali ya Marekani wakilalamikia cheri kavu za Uturuki zinazouzwa bei ya chini sana, na wapo wakulima wanaosema mlango wa bidhaa za nje ulifunguka mwaka 2012 walipokosa za kuuza.

Kuna jambo linalofanya nisiuchukulie mwaka 2012 kuwa ajali ya mara moja. Miaka kumi kabla, 2002, Michigan ilivuna kilo zisizofika milioni 7 za cheri kali, kwa sababu zilezile za miti kuwahi na baridi kuifuata. Wakulima waliambiwa na wengi kwamba hilo ni jambo la mara moja katika maisha. Likarudi kabla ya mikopo mingine kuisha. Miaka yote miwili, 2002 na 2012, barafu ya Maziwa Makuu ilikuwa haba mno: hata siku ilipotanda zaidi haikufika asilimia 15 ya eneo la maji, wakati wastani ni zaidi ya nusu. Barafu ndogo siyo iliyoua maua. Ni alama ya majira yaliyokosa nguvu. Na si kila mwaka unaelekea huko, kwani 2014 barafu ilifunika zaidi ya asilimia 90.

Kuhusu chanzo cha joto la Machi ile, wanasayansi walioichunguza walikuta kwamba sehemu kubwa ilitokana na mpangilio wa hewa ambao hutokea wenyewe mara chache sana, na ongezeko la joto la dunia likaongeza nyuzi kama moja juu yake. Nimesikia watu wakiitumia kauli hii kujituliza. Mimi hainitulizi. Nyuzi moja katika nusu ya pili ya Machi ni siku kadhaa za ukuaji, na tumeona hapo juu kwamba kati ya kupoteza ua moja katika kumi na kupoteza tisa kuna kama nyuzi 2 tu. Mpangilio uleule wa hewa ukirudi baada ya miaka ishirini, utaanzia juu ya joto lililokwisha kupanda.

Majira ya baridi ya 2023 kuingia 2024 yakawa yenye joto kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa Marekani bara, na Maziwa Makuu yakafika katikati ya Februari karibu bila barafu. Waliokumbuka 2012 waliingia Machi na hofu, na kwa haki. Sakitu ya kufuta kila kitu haikuja safari hii. Pigo likatokea upande mwingine: kiangazi kilikuwa cha joto na mvua, kuvu na wadudu wakazishambulia cheri tamu, na kaskazini-magharibi mwa Michigan makadirio ya hasara yalikuwa kati ya asilimia 30 na 75. Eneo hilo likaingia tena kwenye orodha ya majanga. Mwaka mmoja kabla, Georgia, jimbo la kusini linalojivunia pichi, lilikuwa limepoteza zaidi ya asilimia 90 ya pichi zake: baridi haikutosha, kisha joto la mapema, kisha sakitu za Machi. Majira ya baridi yenye joto hayana namna moja ya kudhuru. Huku yanauamsha mti kabla ya wakati, kule yanaunyima usingizi.

Kwa hiyo anayetaka kujua msimu ujao utakuwaje asiulize tu kama baridi ilikuwa kali au pole. Aulize saa za baridi zilitimia lini, kwa sababu zikitimia mapema muda wa kungoja unarefuka. Aulize usiku wa Februari na Machi ulipoaje, aulize theluji imebaki au imeondoka, na matumba yako hatua gani kwenye mteremko wa kusini, ambako huamka kwanza. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan kilichopo Leelanau kimekuwa kikifuatilia mambo ya aina hii kwa miaka mingi, na wakulima huyapata kabla ya usiku wa hatari. Taarifa hizo hazizuii sakitu. Zinamwezesha mtu kuamua kama atumie pesa kwenye mbolea na dawa kwa zao ambalo huenda halipo, au aiweke akiba ili familia yake ivuke mwaka.

Uamuzi mgumu zaidi ni wa kupanda. Mche wa cheri kali hungojwa kama miaka sita au saba kabla shina lake halijawa imara kuvumilia mashine ya kutikisa, kisha huvunwa miaka ishirini hivi. Mkulima wa Leelanau anayeng'oa miti mizee leo na kufikiria kupanda mipya anahesabu majira ya baridi hadi katikati ya karne hii. Wengine wamepanda. Wengine wameziuza ardhi hizo zinazotazama ziwa kwa watu wanaotaka kujenga nyumba, na bei wanayopewa ni kubwa kuliko chochote ambacho cheri zimewahi kuwalipa.